Nasaba za walowezi wa Australia zimetoka kwenye daftari za jela

Mhariri,

Mdogo wangu aliye Muheza ameupiga picha ukurasa wenu wa makala akanitumia kwa simu, akijua fika kwamba nitachemka. Nimechemka. Mwandishi wenu amesema mambo mawili kuhusu Waaustralia. La kwanza, kwamba wote ni kizazi cha wezi waliofukuzwa Uingereza. La pili, kwamba hata hivyo wametuacha mbali, maana Mzungu anamjua babu yake mpaka wa saba na karatasi zake zimo kabatini, ilhali sisi tukiulizwa jina la baba wa babu tunaanza kukuna kichwa. La kwanza si kweli. La pili ndilo lililonikalisha chini niandike.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, nimeolewa huku Hobart, kisiwani Tasmania, na kazi yangu ni jikoni katika nyumba ya kulelea wazee. Wazee wa huku wakishamaliza habari za magoti, wanaingia kwenye mababu: nani alikuja na meli gani, nani alioa nani, nani alipata ekari ngapi na kuzinywa zote. Nayasikia hayo mchana nikigawa supu, na jioni nayasikia tena kwa mama mkwe wangu. Kwa hiyo siandiki kwa kusimuliwa na mtandao.

Hilo la wezi nilimalize upesi. Meli 11 za kwanza ziling'oa nanga Portsmouth mwezi Mei 1787, chini ya Arthur Phillip, zikafika Sydney Januari 1788. Toka hapo hadi meli ya mwisho, Hougoumont, iliyofika Fremantle Januari 1868, Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 162,000. Ni watu wengi. Lakini dhahabu ilipoonekana Victoria mwaka 1851, koloni hilo peke yake lilitoka kwenye watu 77,000 hivi hadi karibu 540,000 ndani ya miaka kumi, na walioongezeka walikuwa wamefuata dhahabu kwa hiari yao. Australia Kusini, iliyoanzishwa 1836, haikupelekewa meli ya wafungwa hata moja. Huko mtu akichimba ukoo wake anaweza kuwakuta Walutheri wa Prussia waliomfuata mchungaji wao, Kavel, mwaka 1838, baada ya mfalme wao kutaka kuwapangia namna ya kusali. Mwingine anawakuta Wachina walioteremka kwenye bandari ndogo ya Robe na kutembea kwa miguu mamia ya kilomita hadi machimboni, kwa kuwa Victoria ilikuwa imeweka kodi ya pauni 10 kwa kila Mchina anayeshukia bandarini kwake. Mwingine anakuta msichana wa Ireland, mmoja wa wale zaidi ya 4,000 waliotolewa kwenye nyumba za maskini kati ya 1848 na 1850, wakati wa njaa ya viazi, wakaletwa wawe watumishi na, tuseme ukweli, wake za watu. Kisha baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja Wagiriki, Waitaliano na mataifa chungu nzima. Mwambie Mgiriki wa Melbourne kwamba babu yake alikuwa mwizi wa Kiingereza, halafu nenda kando kidogo.

Tena hata ndani ya zile meli 11 walikuwamo watu weusi, jambo ambalo mwandishi wenu angelipenda kama angelijua. Yupo John Caesar, ambaye hudhaniwa alitoka Madagascar, aliyetoroka mara kwa mara hadi akahesabiwa mtoro wa kwanza wa msituni katika nchi ile; alipigwa risasi 1796. Wapo John Randall na John Martin, walioacha wajukuu na vitukuu, na leo katika vizazi vyao wamo watu weupe kabisa ambao hawakujua lolote mpaka walipofungua nyaraka. Mwanzoni mwa karne iliyofuata akaja Billy Blue, mfungwa mweusi aliyekuwa akivusha watu kwa mashua pale Sydney, na rasi iliyopo mkabala na mji bado inaitwa Blues Point. Miaka ya 1830 wakaletwa pia wafungwa kutoka Mauritius, kisiwa ambacho watumwa wake wengi walikuwa wametolewa Madagascar, Msumbiji na Kilwa yetu. Hapo pana kazi ya mtafiti mwenye pumzi. Mimi narudi kwa mama mkwe.

Mama mkwe ameniruhusu niandike habari zake, ila si jina. Ana miaka themanini na ushei. Tangu utoto aliambiwa kwamba yule bibi wa upande wa mama yake, wa kwanza kufika kisiwani, alikuwa mshonaji wa mke wa gavana, aliyeletwa kwa heshima pamoja na sanduku lake la nyuzi. Hadithi hiyo ilikuwa na kila kitu isipokuwa jina la meli. Na kwenye Biblia ya ukoo, ile kubwa ambayo wazee wao walikuwa wakiandika ndani yake waliozaliwa na waliokufa, ukurasa wa kwanza wa majina umekatwa kwa wembe. Umekatwa vizuri, kwa mkono usiotetemeka. Mama yake alipoulizwa alijibu ni panya. Panya hodari huyo, anayekata kwa kufuata rula.

Alipostaafu ualimu akaanza kutafuta. Utaratibu wao ni kuanzia kwa aliye hai na kurudi nyuma, cheti kwa cheti, bila kuruka hata kizazi kimoja, maana ukiruka ndipo unapojipatia babu wa watu. Tasmania ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo mwishoni mwa 1838, kabla ya makoloni mengine yote ya huko. Victoria ilingoja hadi 1853 na New South Wales hadi 1856. Ukifiwa na mtu Victoria umepata bahati, kwa maana ya utafiti: cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, alikozaliwa, miaka aliyokaa kwenye koloni, alifunga ndoa wapi na nani, na watoto wake pamoja na umri wao. Vyeti vya zamani vya Tasmania ni vichoyo. Vinakupa jina, umri, kazi na ugonjwa, basi. Bibi yetu alifia Hobart.

Kilichomtoa gizani ni ndoa. Mfungwa hakuweza kuoa wala kuolewa bila idhini ya serikali, na maombi hayo yaliandikwa daftarini: jina la mwanamume na meli yake, jina la mwanamke na meli yake. Kwenye nyaraka za huku mfungwa hatajwi bila meli aliyokuja nayo, na wazee wangu pale kazini bado huzungumza hivyo, “wa meli fulani,” kama sisi tunavyosema wa shamba fulani au wa kambi fulani. Haikuwa mbwembwe. Akina Mary, Ann na Elizabeth walikuwa wengi kiasi kwamba bila meli humpati mtu wako. Bibi wa mama mkwe meli yake ilikuwa Rajah, iliyotoka Woolwich Aprili 1841 ikiwa na wanawake wafungwa 180 na kuingia Hobart Julai mwaka huo. Gavana wakati huo alikuwa John Franklin na mkewe Jane, na hakuna mahali popote panapoonyesha kwamba Bibi Franklin alikuwa na mshonaji huyo.

Ukishapata meli, milango inafunguka yenyewe. Nyaraka za wafungwa wa Tasmania zimehifadhiwa hapa Hobart, zimeingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007, na picha za kurasa zake unaziona kwenye kompyuta nyumbani kwako bila kulipa senti. Tulizifungua mezani kwake, mimi nikisoma kwa sauti kwa kuwa macho yake yamechoka na ule mwandiko wa karani wa zamani unahitaji subira.

Aliiba shuka mbili na shali kwa mwenye nyumba aliyempangisha chumba. Kifungo miaka 7. Umri miaka 22. Urefu bila viatu, futi 4 na inchi 11. Uso una makovu ya ndui. Nyusi nyembamba, macho ya kijivu, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimepinda. Anasoma, haandiki. Tabia yake jela, mbaya. Tabia yake melini, kwa taarifa ya daktari wa meli, nzuri. Halafu chini yake, kwa wino wa makarani tofauti, miaka yake yote ya utumishi kwenye nyumba za watu: amelewa, ametoka kwa tajiri wake bila ruhusa na kulala nje, amejibu kwa ufedhuli, chumba cha peke yake kwa mkate na maji, mwezi mmoja kwenye mabeseni ya kufulia. Na katikati ya hayo, mstari mmoja: amejifungua kwenye jela ya wanawake ya Cascades. Mtoto hakuishi, hilo tulilipata kwenye daftari la vifo. Cascades ipo hapa mjini, bondeni chini ya mlima, mahali penye unyevu na baridi ambako watoto walikufa kwa wingi. Tangu 2010 imo kwenye Urithi wa Dunia na watalii wanapita na kofia zao.

Nilitegemea mama mkwe atalia, au atafunga kompyuta. Aliniuliza tu nirudie urefu. Futi 4 na inchi 11. Yeye mwenyewe rafu ya pili ya kabati haifikii bila stuli, mama yake alikuwa hivyo hivyo, na binti yake, wifi yangu, ananunua viatu kwenye duka la watoto. Pale kwenye mtoto ndipo alipokaa kimya.

Sasa nimuulize mwandishi wenu: hapo ni nani aliyetunza nasaba? Ukoo ulikata ukurasa. Kilichobaki kimebaki jela. Wala hakikuandikwa ili kilembwe aje asome miaka mingi baadaye. Kiliandikwa kwa sababu kamera ilikuwa bado haijawa chombo cha polisi, na mtumishi akitoroka lazima tangazo liseme mfupi, ana ndui, kidole kimepinda. Ndiyo maana tunazijua nyusi za mwizi wa shuka, lakini yule mwenye nyumba aliyeibiwa hatujui hata alikuwa mrefu au mfupi.

Jambo hili linawashangaza hata wenyewe wanapoanza kutafuta. Aliyekuja huru, akalipa nauli yake na kuishi bila kesi, mara nyingi ameacha jina tu kwenye gazeti, pengine na kosa la herufi, na kama alilala daraja la chini la meli huenda gazeti halikumtaja kabisa. Walioletwa kwa nauli ya serikali wana orodha, kwa kuwa serikali ilitaka kujua fedha zake zimemleta nani. Mfungwa ndiye mwenye kurasa. Kuhusu sensa, ambayo Waingereza na Wamarekani huitegemea sana kwa nasaba, Australia walizichoma au kuzisaga fomu zao kila baada ya kuhesabu. Ya 1828 ya New South Wales imesalia, nyingine vipande vipande. Za 1881 ziliungua pamoja na jumba la maonyesho la Garden Palace, Sydney, Septemba 1882. Ni mwaka 2001 tu ndipo mwananchi alipoulizwa kwa mara ya kwanza kama anataka fomu yake itunzwe miaka 99. Hao ndio watunza kumbukumbu tunaoambiwa tuwaige.

Na ile aibu haikuwa ya ukoo mmoja wenye wembe. Victoria ilipitisha sheria mwaka 1852 ya kuwazuia wafungwa na waliokuwa wafungwa wa kisiwa hiki wasivuke kwenda kwenye dhahabu, kwa hiyo aliyevuka alivuka na jina jipya na hadithi mpya, na leo vitukuu vyake vinagonga ukuta pale Melbourne bila kujua kwa nini mtu anaonekana ghafla mwaka 1853 akiwa na miaka thelathini, bila meli na bila wazazi. Wafungwa waliacha kuletwa hapa 1853. Kufika Januari 1856 kisiwa chenyewe kilikuwa kimebadilishwa jina, kutoka Van Diemen's Land kuwa Tasmania, maana jina la zamani lilikuwa linanuka jela. Nchi nzima ilikubaliana kusahau, na ikafaulu. Wazee wangu pale kazini wanasema wakati wakiwa vijana ukimuuliza mtu habari za mfungwa kwenye ukoo wake ni ugomvi.

Upepo uligeuka miaka ya 1970 hivi, na sasa umegeuka kupita kiasi. Kuwa na mfungwa ni fahari, na aliyekuja na meli zile 11 za kwanza ndiye anayeringiwa kuliko wote. Kuna chama cha wazao wao. Kila mzee babu yake aliiba mkate kulisha watoto wenye njaa. Katika kurasa nilizosoma na mama mkwe, na tumesoma nyingi maana amenogewa na sasa anawatafutia hata majirani, mikate ni michache sana. Watu waliiba nguo, saa, fedha za matajiri wao, kondoo, vijiko vya fedha, na wengi hawakuwa wanaanza. Wengine walikuwa wakorofi kweli. Hilo nalo wajukuu hawataki kuliona. Kwanza walitaka bibi msafi, sasa wanataka bibi mwenye huruma. Bibi mwenyewe amekaa pale kwenye daftari amelewa, anajibu kwa ufedhuli.

Kuna kitu kimoja kutoka Rajah ambacho hakikuandikwa na karani, nacho nisipokitaja mama mkwe hatanielewa. Akina mama wa London waliofuata nyayo za Elizabeth Fry, Mwingereza aliyewatetea wanawake wa jela, walikuwa wakiwapa wanawake wafungwa sindano, nyuzi na vipande vya vitambaa ili wawe na kazi safarini. Wa Rajah walitengeneza shuka kubwa la viraka la kufunika kitanda, vipande 2,815, kwa ile miezi mitatu ya baharini, na pembeni wakadarizi maneno ya shukrani kwa kamati iliyowapa vifaa. Likapotea. Mwaka 1987 likapatikana Scotland, darini kwenye nyumba ya watu, na tangu 1989 liko kwenye jumba la sanaa la taifa, Canberra, ambako hulitoa kwa nadra kwa kuwa limedhoofika. Limedariziwa jina la meli. Majina ya walioshona hayamo. Mama mkwe alisafiri kwenda kulitazama. Alirudi na hoja kwamba kushona mishono mirefu na kuchoka haraka ni jambo la ukoo wao, na kwamba kuna pembe moja ya shuka lile ameitambua. Simbishii. Hadithi ya mshonaji wa mke wa gavana huenda ilianzia hapo: shuka lilipofika lilikusudiwa kuonyeshwa kwa Bibi Franklin, na mtu aliyewahi kushika sindano kwenye shuka hilo, akiulizwa na mjukuu alikuja kufanya nini, anaweza kujibu bila kusema uongo mkubwa.

Gazeti nalo limemsaidia. Maktaba ya taifa ya huku imeweka magazeti ya zamani kwenye mtandao, yanaitwa Trove, bure, na mashine ikisoma vibaya maandishi yaliyofifia msomaji yeyote anaruhusiwa kusahihisha. Mama mkwe akikosa usingizi anasahihisha habari za mahakama za Hobart za mwaka 1850 na kitu. Humo amemkuta bibi akiwa huru tayari, ameolewa na mpasua mbao aliyekuja na meli nyingine, akimshitaki jirani kwa kumwagia maji machafu. Ameshinda kesi. Kwa mama mkwe habari hiyo ina thamani kuliko cheti chochote.

Nimeona pia vipimo vya vinasaba vya mate, mtu anatemea kwenye kichupa na kutuma kwa posta. Vinakuonyesha binamu, havikuambii kwa nini ukurasa ulikatwa.

Mwandishi wenu, akiandika “Waaustralia,” hakuwakumbuka kabisa wenye nchi. Jikoni nafanya kazi na dada mmoja wa Palawa, wenyeji wa kisiwa hiki. Vita vyao na walowezi miaka ya 1820 viliwamaliza wengi. Waliobaki wakapelekwa Wybalenna, kwenye kisiwa cha Flinders, na mwaka 1847 wakarudishwa 47 tu, wakawekwa Oyster Cove, si mbali na hapa. Truganini, mwanamke wao mmoja, alipofariki 1876 serikali ikatangaza kwamba amekufa wa mwisho. Mifupa yake ikawekwa kwenye makumbusho ya hapa Hobart, watu wakaitazama hadi 1947, na akachomwa na majivu yake kumwagwa baharini mwaka 1976, miaka mia moja baada ya kifo. Lakini wa mwisho hakuwa. Fanny Cochrane Smith, aliyezaliwa Wybalenna, alikuwa hai, ana watoto, na mwaka 1899 na tena 1903 aliimba nyimbo za kwao mbele ya mashine ya kurekodia ya nta. Na kwenye visiwa vya mlango wa bahari kati yetu na Australia bara, Cape Barren na jirani zake, walikuwapo watoto na wajukuu wa wanawake wa Palawa na wavuvi wa sili. Dada huyu ni wa huko. Bibi yake alimfundisha kwa mdomo nani ni nani, kisiwa kwa kisiwa. Nasaba yake haikupotea hata siku moja. Iliyopotea ni ya mama mkwe.

Lakini alipotakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni Palawa, hakuulizwa alichofundishwa na bibi. Aliulizwa karatasi. Na karatasi hizo ziliandikwa na watu kama Norman Tindale wa makumbusho ya Adelaide, aliyezunguka sehemu kubwa ya Australia na mwenzake wa Marekani mwaka 1938 na 1939, Cape Barren ikiwamo, akipima vichwa, akipiga picha na kuchora nasaba za watu. Leo nasaba hizo ndizo koo zinazoziomba kwa ajili ya kudai ardhi, hasa tangu sheria ya mwaka 1993 iliyofuata kesi ya Mabo, ambapo mahakama ilitambua haki ya wenyeji juu ya ardhi yao, na ndizo zinazowasaidia waliochukuliwa utotoni na serikali kujua walizaliwa na nani. Dada wa jikoni anayo picha ya bibi yake kutoka mkusanyiko wa namna hiyo, mbele na ubavu, kama ya polisi. Ameiweka sebuleni, kwenye fremu nzuri, kwa kuwa hawana nyingine.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wenu asituambie kwamba Mzungu ana karatasi kwa kuwa anapenda mababu. Maskini ana karatasi pale ambapo mwenye nguvu alimhitaji au alimwogopa. Na kama ni hivyo, sisi watoto wa mashamba ya mkonge hatuna sababu ya kukuna kichwa, tuna sababu ya kuuliza.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mha, alitolewa upande wa Kasulu na Silabu, ofisi iliyokuwa ikiwakusanyia wenye mkonge vibarua kutoka mikoa ya mbali. Alikuja Tanga na namba, akapewa kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30, akapangiwa kambi. Aliyemsajili aliandika jina lake, la baba yake na la chifu wake, hilo alikuwa akilisimulia mwenyewe, na akichekesha watu kwamba karani alimwangalia na meno. Alifia Muheza kabla sijapata akili ya kumuuliza kijiji. Jina la baba yake tunalo, kijiji hatuna, na huko Kasulu jina hilo wanalo watu wengi.

Mama mkwe ndiye aliyeniuliza daftari hizo ziko wapi. Aliuliza kwa wepesi, kalamu mkononi, kana kwamba nitamtajia namba ya kabati. Naliuliza swali hilo hapa kwenu, maana wasomaji wenu wamo waliokuwa makarani wa mashamba, na watoto wao. Silabu ilipofungwa, kadi za usajili zilipelekwa Dar es Salaam kwenye Nyaraka za Taifa, zilibaki kwenye ofisi za mashamba, au zilichomwa? Mashamba yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, na baadaye yalipouzwa tena, vitabu vya kambi vilikabidhiwa kwa nani? Mwenye kujua hata kabati moja, aandike kupitia ukurasa huu. Mdogo wangu yuko Muheza na ana pikipiki.

Mama Neema,
Hobart, Tasmania